Hewa ya nyumbani yahitaji kipimo, si bahati

Mwezi Desemba, 1984, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kengele za mitambo ya kupimia mionzi zililia katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Limerick. Aliyezifanya zilie alikuwa mhandisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kituo hicho. Mwili na mavazi yake vilikutwa na chembechembe za mionzi, na wakubwa wa kazi walitafuta mahali zilikotoka wasipaone. Jambo lililowashangaza ni kwamba kituo chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mwishowe ilidhihirika kwamba mhandisi huyo hakuwa akiitoa mionzi kazini na kuipeleka nyumbani, bali alikuwa akiitoa nyumbani na kuileta kazini.

Nyumba yake ilipopimwa, hewa ya ndani ilikutwa na gesi ya radoni kiasi cha pikokyuri 2,700 hivi katika kila lita moja, yaani karibu bekereli 100,000 katika kila mita moja ya ujazo. Serikali ya Marekani ilipoweka baadaye kiwango ambacho mwenye nyumba akikifikia hushauriwa kuchukua hatua, ilikiweka kwenye pikokyuri 4, ambazo ni bekereli 148. Nyumba ya mhandisi huyo ilikuwa imekipita kiwango hicho zaidi ya mara 600. Humo ndimo alimolala yeye, mke wake na watoto wao. Familia ilihama, mafundi waliifanyia nyumba kazi kwa miezi kadhaa, na mwaka 1985 ikarejea katika nyumba ile ile, ikiwa sasa ni salama.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kioja. Lakini funzo lake ni zito kuliko kioja. Familia ile iliokolewa na ajali ya mambo: baba alikuwa akifanya kazi mahali penye mitambo ya kupimia. Lau angekuwa mwalimu wa shule, dereva wa lori au karani wa posta, hakuna kengele ambayo ingelia. Hapana budi, basi, kuuliza ni nani anayepaswa kuwapimia hewa watu ambao kazi zao hazina kengele.

Radoni ni gesi ya asili. Haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Hutokana na urani iliyomo katika miamba na udongo karibu kila mahali duniani, kwa kiasi kikubwa au kidogo. Urani huvunjika polepole sana na kuzaa madini mengine yenye mionzi, mojawapo likiwa ni rediamu, na rediamu ikivunjika huzaa radoni. Tofauti na wazazi wake, radoni ni gesi, na kwa hiyo haikai ndani ya jiwe bali hupenya katika nyufa za ardhi na kupanda juu. Nusu yake huvunjika katika muda wa siku 3.8. Ikitokea mahali pa wazi huchanganyika na hewa na kupungua nguvu, kiasi kwamba nje kwa kawaida hukutwa bekereli 5 hadi 15 tu katika mita moja ya ujazo. Bekereli moja maana yake ni kiini kimoja cha atomu kuvunjika katika kila sekunde moja.

Shida huanza gesi hiyo inapoingia ndani ya nyumba iliyofungwa. Katika nchi za baridi nyumba hupashwa moto, na hewa yenye joto hupanda na kutokea juu. Hewa ile ikitoka, nyumba huvuta nyingine kutoka chini, kama vile dohani inavyovuta moshi. Kwa njia hiyo gesi ya ardhini huingia katika nyufa za sakafu, katika maungio ya sakafu na kuta, katika matundu yanayopitisha mabomba, na katika vishimo vya kukusanyia maji chini ya nyumba. Madirisha yakiwa yamefungwa kwa miezi mingi ya kipupwe, gesi hukusanyika, hasa katika vyumba vilivyo chini ya usawa wa ardhi. Ndiyo maana nyumba mbili zilizojengwa ubavuni kwa ubavu zaweza kutofautiana sana: moja ikawa salama na ya pili ikawa ya hatari.

Radoni yenyewe ikivutwa kwa pumzi, sehemu kubwa hutoka tena. Kinachodhuru zaidi ni wana wake. Inapovunjika huzaa chembe za madini, zikiwamo za poloniamu, ambazo hujishikiza katika vumbi, zikaingia kifuani na kubaki katika utando wa njia za hewa. Hapo hutoa mionzi ya alfa, ambayo hushindwa hata kupenya karatasi, lakini ikiwa ndani ya pafu huziharibu chembe hai zilizo karibu nayo. Baada ya miaka mingi madhara hayo yaweza kuwa saratani.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika milima iliyo mpakani mwa Ujerumani na Bohemia, kwenye migodi ya Schneeberg na Jáchymov, wachimbaji wa fedha walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua tangu karne ya 16, na Georgius Agricola aliyataja maradhi ya wachimbaji wa milima hiyo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1556. Mwaka 1879 madaktari wawili walionyesha kwamba ugonjwa wa wachimbaji wa Schneeberg ulikuwa ni saratani ya mapafu. Hata hivyo, Marekani ilipohitaji urani kwa ajili ya mabomu yake baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu ya wachimbaji, wengi wao Wanavajo wenyeji wa nchi hiyo, walipelekwa katika mashimo yasiyo na mashine za kupitisha hewa ya kutosha. Wataalamu wa serikali walianza kuwachunguza wachimbaji hao mwaka 1950, ilhali wachimbaji wenyewe hawakuelezwa hatari iliyokuwa ikiwakabili. Sheria ya kuwalipa fidia ilipitishwa mwaka 1990, wakati wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kati ya kujua na kutenda ilipita miaka 40.

Historia hiyo yafaa ikumbukwe kila inaposemwa kwamba wananchi wakipewa habari inatosha. Habari iliyokaa katika faili la ofisi haijapata kuliokoa pafu la mtu.

Leo hakuna ubishi juu ya ukweli wenyewe. Mwaka 1988 taasisi ya kimataifa ya uchunguzi wa saratani iliitia radoni katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba radoni husababisha kati ya asilimia 3 na asilimia 14 ya saratani zote za mapafu, kulingana na hali ya kila nchi, na kwamba katika nchi nyingi ni sababu ya pili baada ya tumbaku. Shirika la serikali la hifadhi ya mazingira nchini Marekani lakadiria vifo 21,000 kila mwaka katika nchi hiyo peke yake. Kati ya hivyo, 2,900 hivi ni vya watu ambao hawakuvuta sigara kamwe.

Mchango wa sigara katika hesabu hii wahitaji kuelezwa waziwazi. Uchunguzi mkubwa uliojumlisha takwimu za nchi mbalimbali za Ulaya, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kila bekereli 100 zinazoongezeka katika mita ya ujazo huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 16 hivi. Mtu asiyevuta sigara akiishi mahali pasipo na radoni, uwezekano wa kufa kwa ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka 75 ni watu 4 katika kila 1,000, na penye bekereli 400 ni watu 7. Kwa mvutaji wa sigara, hesabu hiyo ni watu 100 pasipo na radoni, na watu 160 penye bekereli 400. Radoni na moshi wa tumbaku ni maadui wawili wanaosaidiana. Anayezungumza juu ya mmoja na kumnyamazia mwingine hajawatendea haki wananchi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hatari hii yaweza kupimwa kwa urahisi na kwa gharama ndogo. Kuna vipimo vya muda mfupi, kwa mfano kikopo chenye mkaa maalumu unaonasa gesi, ambacho huwekwa ndani ya nyumba kwa siku 2 hadi 7 na kisha hupelekwa maabara. Kuna na vipimo vya muda mrefu, ambavyo ni kipande kidogo cha plastiki ndani ya kasha. Mionzi ya alfa huacha alama katika plastiki hiyo, na maabara huzihesabu alama hizo. Kipimo cha namna hii hukaa miezi 3 hadi mwaka mzima, na hutoa picha ya kweli zaidi, kwa kuwa kiasi cha radoni hupanda na kushuka kwa saa, kwa siku na kwa majira.

Kipimo huwekwa katika chumba kinachotumika, katika sehemu ya chini kabisa ya nyumba ambamo watu hukaa au kulala. Hakiwekwi jikoni wala bafuni, kwa sababu ya mvuke, wala hakiwekwi dirishani au karibu na jiko la kupashia moto. Huinuliwa kutoka sakafuni kiasi cha nusu mita au zaidi. Kwa kipimo cha siku chache, madirisha na milango ya nje hufungwa saa 12 kabla ya kuanza, na hubaki vimefungwa, isipokuwa kwa kuingia na kutoka. Matokeo ya siku chache yakipita kiwango, hupimwa tena kabla ya kutumia fedha. Kazi yote hii haihitaji elimu ya juu. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya akiwa na maelekezo ya karatasi moja.

Dawa yake pia inajulikana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na kweli nyufa za sakafu hazina budi kuzibwa. Lakini katika jambo hili kuziba ufa peke yake hakutoshi, kwani nyumba huendelea kuvuta na gesi hutafuta tundu jingine. Njia iliyothibitishwa ni kuitangulia gesi kabla haijaingia. Fundi hutoboa sakafu ya zege, huchimba kishimo chini yake, na kusimamisha bomba la plastiki linalopanda hadi juu ya paa. Katika bomba hilo hutiwa feni ndogo inayofanya kazi usiku na mchana, ikinyonya hewa ya chini ya sakafu na kuitupa juu ya nyumba, ambako gesi hutawanyika bila ya kumdhuru mtu. Penye nyumba iliyoinuliwa juu ya udongo mtupu, udongo hufunikwa kwa plastiki nzito na bomba huanzia chini yake. Mitambo ya namna hii yaweza kupunguza radoni kwa hadi asilimia 99. Kazi ikimalizika nyumba hupimwa tena, na hurudiwa kupimwa kila baada ya miaka michache, kwa sababu feni huchoka na sakafu hupasuka upya.

Ikiwa kipimo ni rahisi na dawa ipo, mbona vifo havijapungua kwa kadiri inayostahili? Jibu ni kwamba katika Marekani, nchi yenye maarifa mengi juu ya jambo hili, mzigo umewekwa kwa sehemu kubwa juu ya mabega ya mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka 1988, wakati Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria juu ya radoni majumbani, serikali kuu imetoa vitabu, ramani na ushauri mwema. Lakini kiwango cha pikokyuri 4 si amri, ni shauri. Makadirio ni kwamba karibu nyumba moja katika kila 15 imefikia au imepita kiwango hicho.

Mwenye nyumba mwenye kipato hununua kipimo, humwita fundi na hulipa gharama zake, ambazo mara nyingi hupita dola 1,000. Je, mpangaji wa chumba cha chini ya ardhi afanye nini? Sakafu si yake, hana ruhusa ya kuitoboa, na akilalamika sana aweza kuambiwa atafute chumba kingine. Chumba cha chini ndicho cha bei nafuu, na ndicho mara nyingi chenye gesi nyingi. Kwa hiyo ushauri unaotolewa kwa wote kwa usawa huwafikia watu kwa kadiri ya mifuko yao.

Hali ya shule inasikitisha vivyo hivyo. Uchunguzi wa taifa uliofanyika nchini humo katika miaka ya mwanzo ya 1990 ulikadiria kwamba karibu shule moja katika kila tano ilikuwa na angalau chumba kimoja kilichofikia au kupita kiwango, na kwamba vyumba vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya 70,000. Mwalimu afundishaye katika chumba kimoja kwa miaka 30 huvuta hewa yake kwa miaka 30. Mtoto naye hakuichagua shule, hakuijenga, wala hana sauti ya kuagiza ipimwe. Wenye kuwajibika hapo ni wakubwa wa elimu, na wajibu huo hauwezi kugeuzwa kuwa hiari.

Wako wanaodai kwamba radoni ni kazi ya maumbile, na kwamba serikali haiwezi kulaumiwa kwa kilichowekwa ardhini na Mungu. Hoja hiyo haina nguvu. Malaria nayo ni ya maumbile, na maji machafu ya mto pia ni ya maumbile, lakini hapana serikali inayojiheshimu iliyosema kwamba kila mwananchi ajichimbie kisima chake na akifa shauri yake. Isitoshe, ardhi haijengi nyumba. Gesi ambayo mahali pa wazi haimdhuru mtu hugeuka kuwa sumu kwa sababu ya namna mafundi walivyojenga, na ujenzi una sheria zake na wakaguzi wake.

Wako pia wanaosema kwamba kuwaeleza watu ni kuwatia hofu. Ukweli ni kinyume. Hofu huzaliwa na hatari isiyokuwa na kipimo wala dawa. Hapa vyote viwili vipo. Kinachohitajika ni kusema kwa kiasi: radoni haiui kwa siku moja, hakuna haja ya kukimbia nyumba usiku, lakini haifai kulala juu yake kwa miaka 20 kwa kuwa tu haionekani.

Mifano ya nchi nyingine yaonyesha kwamba sheria hufanya kazi. Nchini Uswidi zege jepesi lililotengenezwa kwa mwamba wenye urani lilitumika kujengea nyumba kuanzia mwaka 1929, hata likasimamishwa mwaka 1975 baada ya madhara yake kueleweka. Nchini Ayalandi kanuni za ujenzi za mwaka 1998 ziliagiza nyumba mpya katika maeneo yenye radoni nyingi zitandazwe utando wa kuzuia gesi chini ya sakafu. Uingereza ilichukua hatua za namna hiyo katika Cornwall na Devon, penye miamba mingi ya granaiti. Mwaka 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwamba kila mmoja wao awe na mpango wa taifa wa radoni na kiwango kisichozidi bekereli 300, na waajiri walio katika maeneo yenye hatari wapime mahali pa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilikwenda mbele zaidi na kupendekeza bekereli 100, na pale isipowezekana, isipite 300. Utando wa plastiki ukitandazwa nyumba inapojengwa, gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kuja kuvunja sakafu miaka 20 baadaye.

Kwa Tanzania, jambo hili lina sura yake. Nyumba nyingi za nchi hii hupitisha hewa mwaka mzima, hazipashwi moto, na ni chache zenye vyumba chini ya ardhi. Kwa hiyo haifai kuiga hofu ya Pennsylvania kama ilivyo. Lakini haifai pia kujidanganya kwamba ardhi ya hapa haina urani. Akiba yake inajulikana katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na pia Bahi na Manyoni, na mawe ya fosfati ya Minjingu yana mionzi kuliko udongo wa kawaida. Wachimbaji wa chini ya ardhi, wadogo kwa wakubwa, wanahitaji hewa inayopitishwa na mashine, kama walivyoihitaji wenzao wa Schneeberg. Ofisi na madarasa mapya yanayojengwa kwa madirisha yasiyofunguka, ili mashine za kupoza hewa zifanye kazi, yanaacha desturi iliyokuwa ikiwalinda watu bila ya wao kujua. Tume ya Nguvu za Atomu ipo kwa mujibu wa sheria, na kazi ya kupima mionzi ni yake. Inastahili kupewa vifaa na wataalamu wa kuifikia migodi, na majengo ya umma yaliyo juu ya miamba ya namna hiyo, bila ya kungoja mtu augue.

Wapo na Watanzania wanaosoma au kufanya kazi Ulaya na Marekani, ambao kwa uchache wa fedha hupanga vyumba vya chini ya ardhi. Kabla ya kutia sahihi mkataba, ni haki yao kuuliza kama nyumba imepimwa radoni, na matokeo yalikuwa bekereli ngapi. Swali hilo halina aibu, nalo ni la kawaida kama kuuliza kuhusu maji na umeme.

Mhandisi wa Limerick alipimwa kwa kuwa mwajiri wake aliogopa mionzi ya mtambo. Mwalimu, mpangaji na mtoto wa shule wanastahili uangalifu ule ule. Shule na nyumba za kupangisha zilizo katika maeneo yenye hatari zipimwe kwa amri ya sheria, matokeo yabandikwe mahali ambapo kila mtu atayasoma, na mwenye jengo alipie matengenezo. Hadi hapo, kila atakayeokoka ataokoka kwa bahati, na afya ya wananchi si jambo la kuachiwa bahati.